Wafunga Vidonda wa Chini ya Mlima Meru

Historia ya hospitali za kaskazini mwa Tanzania imeandikwa kwa majina ya waliojenga na waliopasua. Jiwe la msingi lina jina, chumba cha upasuaji kina jina. Aliyekaa kwenye kigoda kila asubuhi, beseni la maji ya chumvi mbele yake, akiondoa usaha na nyama iliyokufa na kufunga bandeji mpya mpaka kidonda kikajaa, huyo hakuandikwa. Nami naamini kwamba ndiye aliyewaachia watu wengi miguu yao. Kumkata mtu mguu ni kazi ya saa moja au mbili. Kuunusuru mguu huo ni kazi ya miezi, na katika miezi hiyo daktari mkubwa huonekana mara chache sana.

Kabla ya hospitali, miteremko ya Meru haikukosa wajuzi. Wamaasai wa tambarare, Waarusha wa kusini na magharibi mwa mlima, na Wameru wa upande wa mashariki wote walifuga, na anayechinja na kugawa nyama tangu ujana wake anajua mfupa unavyokaa na mshipa unapopita. Moritz Merker, ofisa wa jeshi la Wajerumani aliyechapisha kitabu kikubwa kuhusu Wamaasai mwaka 1904, aliueleza ustadi wao wa kushona majeraha kwa miiba na nyuzi za kano za wanyama. Jeraha la mkuki lina kingo safi, na likishonwa mapema hupona. Ujuzi huo ulitokana na majeraha ya nchi ile: mkuki, mwiba wa mgunga, pembe, kucha za simba.

Mwishoni mwa karne ya 19 alikuja adui mdogo ambaye ujuzi huo haukuwahi kumwona. Funza hakuwepo katika nchi hizi. Alivuka bahari kutoka Brazil na kushuka Ambriz, pwani ya Angola, mwaka 1872, kisha akaanza safari ya bara kwa miguu ya wapagazi na wafanyabiashara. Kufikia mwaka 1898 alikuwa ameshafika Zanzibar. Bara zima lilivukwa kwa muda usiotimia miaka 30. Oscar Baumann, mpelelezi wa Kiaustria aliyepita nchi hii mwaka 1892, alikuta kule Uzinza, kusini mwa Ziwa Viktoria, watu ambao viungo vyao vilikuwa vimeharibika kabisa kwa ajili yake. Funza jike hujichimbia chini ya ukucha au kwenye unyayo, akavimba kwa mayai mpaka kufikia ukubwa wa punje ya choroko. Akitolewa siku za mwanzo kwa mwiba safi, anaacha kishimo tu. Akiachwa, kishimo kinakuwa kidonda, kidonda kinaingiwa na vijidudu au pepopunda, na kidole kinaoza. Walioishi naye muda mrefu walijifunza kukaguana miguu kila jioni. Ambao hawakumjua walipoteza vidole kabla ya kujifunza.

Misafara iliyomsambaza funza ilipita pia kaskazini, na baada ya misafara ikaja vita. Wajerumani walikuwa wamemaliza kulijenga boma lao la Arusha mwaka 1900. Novemba 1914 risasi zilirindima Longido, na Machi 1916 majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yakapita katikati ya Meru na Kilimanjaro, na Arusha ikaanguka mikononi mwao. Waliobeba mizigo ya vita hiyo kwa upande wa Waingereza wanakadiriwa kuwa karibu milioni moja, wengi wakitembea peku kwenye matope na miiba. Historia ya vita hupenda kuhesabu mizinga. Lakini mpagazi mwenye kidonda kwenye kifundo cha mguu hakuwa na siku ya kupumzika, na kidonda cha mguu kisichopumzishwa hakiponi, hata dawa iwe nzuri namna gani. Hilo lilikuwa kweli mwaka 1916 na ni kweli leo.

Waingereza walipoitawala Tanganyika walikuta nchi kubwa yenye madaktari wachache mno. Dkt. John Owen Shircore, mkurugenzi wa tiba wa serikali, alianzisha katikati ya miaka ya 1920 mpango ambao kwangu mimi ndio mwanzo halisi wa habari hii. Vijana walichaguliwa na mamlaka za wenyeji, wakafundishwa kwa miezi michache kwenye hospitali ya serikali, kisha wakarudishwa kwao kuendesha zahanati ndogo kwa mshahara wa hazina ya wenyeji. Watu waliwaita madresa. Baadhi ya madaktari wa Kizungu waliona mafunzo yao ni mafupi mno, na kwa magonjwa mengi walikuwa na haki ya kusema hivyo. Ila kilichowaleta wagonjwa wengi zahanati hakikuwa fumbo la kitabibu. Zilikuwa sindano za buba, na vilikuwa vidonda.

Kidonda kilichowasumbua zaidi kilikuwa donda ndugu. Mtu anakwaruzwa na jani la mkonge au anajikata kwa jembe chini ya goti. Baada ya siku chache panatokea lengelenge, linapasuka, na chini yake nyama imeshaanza kuoza. Kidonda kinatanuka kwa kasi ya kutisha, kinanuka, kinafika kwenye kano na mfupa. Kinawapata zaidi watu wasiokula vizuri, wasio na viatu, wanaoshinda kwenye majani na matope. Na mashamba ya kahawa na mkonge yaliyouzunguka mlima Meru yalikuwa na watu wa namna hiyo kwa maelfu. Waliokosa matibabu waliishi na donda hilo kwa miaka, na wapo ambao mwisho wake ulikuwa saratani ya ngozi au msumeno.

Dawa za dresa zilikuwa chache na dhaifu: maji ya zambarau ya pamanganeti, marhamu, pamba, vitambaa. Nguvu yake ilikuwa kwingine. Alikuwa karibu. Mwenye kidonda aliweza kufika asubuhi, akasafishwa, akarudi nyumbani, na kesho akaja tena. Aliyempeleka mgonjwa hospitali ya mbali, akafungwa mara moja na kurudishwa nyumbani kwa wiki mbili hakumsaidia sana, kwa sababu bandeji inayokaa wiki mbili kwenye joto ni afadhali isingefungwa. Dresa alijua pia nani anakula nini, nani amerudi shambani kabla ya wakati, mtoto wa nani anazongwa na nzi. Penisilini ilipokuja baada ya Vita Kuu ya Pili, na viatu na chakula vikaongezeka kidogo kidogo, donda ndugu lilianza kurudi nyuma. Sifa zote zikaenda kwa penisilini, ingawa nusu ya kazi ilikuwa imeshafanyika kwa maji.

Nguvu ya maji ya chumvi ilithibitishwa kwa njia ya moto. Archibald McIndoe, mpasuaji aliyezaliwa New Zealand, aliwatibu marubani wa Uingereza walioungua ndani ya ndege zao wakati wa vita hiyo, kwenye hospitali ya East Grinstead. Mtindo wa wakati ule ulikuwa kumpaka aliyeungua asidi ya taniki, ambayo iliigandisha ngozi ikawa gamba gumu. Chini ya gamba usaha ulijikusanya na vidole vilijikunja visinyooke tena. McIndoe aliona kwamba marubani walioangukia baharini walikuwa na majeraha yenye hali bora kuliko wenzao walioangukia nchi kavu. Akaacha asidi, akawaogesha wagonjwa wake kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi, akawafunga vitambaa laini visivyogandia kwenye nyama, akapandikiza ngozi mapema. Vidole vilivyokuwa vinapotea vikabaki.

McIndoe aliipenda Kilimanjaro na akawa na shamba huko. Mwanafunzi wake Michael Wood, mpasuaji wa Nairobi, naye alilima Ol Molog, kwenye mteremko wa magharibi wa mlima huo, mahali ambapo Meru inaonekana ng'ambo ya tambarare. Mwaka 1956 wawili hao, pamoja na Tom Rees wa New York, walizungumza pale shambani juu ya watu wa vijijini waliokuwa wakilemazwa na majeraha yanayotibika. Mwaka 1957 ikazaliwa huduma ya madaktari wa ndege, ambayo leo dunia inaijua kwa jina la AMREF. Wood aliruka mwenyewe kwenda kwenye viwanja vya nyasi, akiwakuta watoto walioangukia motoni usiku, ambao kiwiko kilikuwa kimeshagandamana na mkono wa juu, au kidevu na kifua.

Ndege ilikuwa jambo la ajabu na ilistahili kusifiwa. Lakini mpasuaji anayeshuka asubuhi na kuondoka jioni habadilishi bandeji ya kesho. Ngozi iliyopandikizwa hushika au hukataa katika siku za mwanzo baada ya upasuaji, na siku hizo mgonjwa alikuwa mikononi mwa muuguzi wa hospitali ndogo ya misheni au ya wilaya. Si bure kwamba AMREF yenyewe, kadiri miaka ilivyopita, iliweka nguvu nyingi katika kuwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini. Waanzilishi wake walikuwa wameona kazi inapokwamia.

Kisha likaja Azimio la Arusha. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapa mjini Januari 1967, na katika miaka iliyofuata fedha za afya zilielekezwa vijijini kwa namna ambayo nchi chache za Afrika zilithubutu. Wakati wa uhuru mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa na vituo vya afya 22. Kufikia mwaka 1980 vilikuwa vimepita 200, na zahanati zilihesabika kwa maelfu. Katika vijiji vingi zahanati ilikuwa na chumba kimoja kilichojulikana kwa harufu yake, harufu ya dawa ya kuulia vijidudu na gozi iliyochemshwa. Kidonda kilioshwa bure. Najua mapungufu ya miaka ile: dawa zilikwisha, mikasi ilikuwa butu, barabara hazikupitika masika. Hata hivyo mama wa Oldonyo Sambu aliyekuwa na kidonda hakulazimika kuchagua kati ya bandeji na unga.

Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ulianza katika hospitali za serikali. Nasema hili bila kumlaumu mtu, maana nchi ilikuwa imeishiwa. Ila kwa kidonda, malipo yana athari ya pekee. Anayeumwa malaria analipa mara moja. Mwenye kidonda analipa kila anaposafishwa, analipa nauli ya kwenda na kurudi, anapoteza siku ya kazi, kisha kesho kutwa aanze tena. Mara ya nne au ya tano anakaa nyumbani. Anafungua kidonge cha rangi mbili na kumwagia unga wake juu ya kidonda, anafunga kanga kuukuu, anasubiri. Wengi wanaofikishwa hospitali mguu ukiwa umeshakuwa mweusi hawakupuuza. Walikuwa wamehesabu.

Hapa sina budi kurudi nyuma na kwenda India, kwa sababu sehemu kubwa ya tunachojua leo kuhusu miguu ilitoka kwa wagonjwa wa ukoma. Mpasuaji Paul Brand alifika Vellore mwaka 1946. Watu wote, pamoja na madaktari, waliamini kwamba ukoma huozesha vidole. Brand alipasua mikono ya wagonjwa na kukuta kwamba nyama yao hupona kama ya mtu yeyote. Kilichokufa kilikuwa neva. Mgonjwa alishika sufuria ya moto bila kujua, akatembea juu ya msumari mpaka jioni, na vidole vyake vikaisha kwa majeraha ambayo hakuyahisi. Wengine walilala na vidole vyote wakaamka vimepungua, hadi ilipogunduliwa kwamba panya waliwatafuna usingizini. Tiba ya panya ilikuwa kumpa kila mgonjwa paka. Tiba ya unyayo ilikuwa kuondoa uzito juu yake: plasta iliyoukumbatia mguu mzima, na baadaye viatu vyenye soli laini. Tanzania ilipoanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, wahudumu wake walifundisha mambo hayohayo wilaya kwa wilaya: jikague miguu kila siku, ioshe, ipake mafuta, pumzisha kidonda.

Ukoma ulipopungua, ugonjwa mwingine unaoua neva ulikuwa umeshabisha hodi. Katika miaka ya 1980 timu ya Profesa Donald McLarty ilipima vijiji vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, ikakuta kisukari kwa chini ya mtu mmoja katika kila watu wazima 100. Utafiti wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wa umri wa miaka 25 hadi 64. Njia za kupima hazikuwa zilezile, lakini hakuna muuguzi wa kliniki ya kisukari anayehitaji kushawishiwa kwamba wagonjwa wameongezeka. Mzee anayekaa Sakina au Usa River, aliyeacha jembe akafungua duka, anavaa katambuga zake za tairi. Mwiba wa mgunga unapenya au mkanda unamchubua, naye hahisi. Anagundua kwa harufu, au mjukuu anamwonyesha damu sakafuni.

Dar es Salaam, Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake walikuwa wakiziandika habari za miguu ya namna hiyo. Katika ripoti yao ya mwaka 2002 kuhusu wagonjwa wa kisukari waliolazwa kwa vidonda vya miguu, karibu theluthi moja walikatwa. Walieleza pia vidonda vya mkono, vinavyoanza kwa mkwaruzo au kuumwa na mdudu na kumaliza kiganja kizima kwa siku chache. Mwaka 2005 wakachapisha habari za wagonjwa walioumwa na panya miguuni usiku bila kuamka. Walichokiona Vellore kwa wakoma kilikuwa kimetufikia, kwa ugonjwa mwingine.

Jibu lao lilikuwa mradi ulioitwa Hatua kwa Hatua, ulioendeshwa kuanzia mwaka 2004 pamoja na Karel Bakker wa Uholanzi na wataalamu wengine, kwa msaada wa Mfuko wa Kisukari wa Dunia. Kilichonivutia ni namna walivyochagua wanafunzi. Hawakumwita daktari peke yake. Kila hospitali ya mkoa iliyoshiriki ilileta watu wawili, daktari na muuguzi, wakafundishwa pamoja na kurudi na vifaa vyao: kisu cha kukwangulia sugu, uzi wa plastiki wa kupima kama unyayo unahisi, vyombo vya kusafishia kidonda. Muuguzi naye alifundishwa kukwangua kidonda. Mradi ulipotathminiwa, wagonjwa waliofika na vidonda vibaya walikuwa wamepungua, na waliokatwa miguu walipungua pia. Kisha mfano huo ukachukuliwa na nchi nyingine za Afrika na kwingineko. Naona kulikuwa na dresa ndani ya mradi huo, safari hii akiwa na cheti na kisu kizuri.

Si kila aliyehitaji kisu hicho alikipata. Mwaka 2011 barabara ya kwenda Samunge, Loliondo, ndani ya mkoa huuhuu wa Arusha, ilijaa magari kwa kilomita nyingi. Watu walikuwa wakienda kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, wakitumaini kuponywa kisukari, saratani na UKIMWI. Madaktari waliwasihi wagonjwa wasiache dawa zao. Mimi huukumbuka msururu ule kwa uchungu, kwa sababu unaonyesha watu walikuwa tayari kusafiri kiasi gani. Aliyelala siku tatu kwenye foleni ya Samunge angeweza kufika kliniki ya miguu kila wiki, kama ingekuwepo karibu, na kama ingekuwa ya bei ya kikombe.

Mahali pasipodai hata bei hiyo pamekuwepo, ingawa si kwa kisukari bali kwa nyoka, umbali wa kilomita zipatazo 25 magharibi mwa jiji, kwenye barabara ya Makuyuni. Mwaka 1993 familia ya Bale kutoka Afrika Kusini ilifungua hifadhi ya nyoka Meserani, ikilenga watalii wanaokwenda Ngorongoro. Lakini wenye nyoka huletewa walioumwa na nyoka. Wafugaji wa Monduli walianza kuwabeba watoto na wazee wao mpaka pale, na pembeni ya hifadhi ikasimama zahanati iliyotoa dawa ya sumu ya nyoka bure, ikiendeshwa na wauguzi.

Nyoka wa kulaumiwa kwa vidonda ni hasa bafe, ambaye wengine humwita moma au kifutu. Hapendi kukimbia. Analala njiani jioni akitegemea rangi yake imfiche, na mchungaji mwenye kandambili anamkanyaga. Sumu yake inamtafuna mtu palepale ilipoingia. Mguu unavimba ndani ya saa chache mpaka kwenye paja, malengelenge yanatoka, ngozi inakuwa nyeusi, na kinachofuata ni shimo linaloonyesha kano. Swila anayetema mate naye huacha majeraha ya namna hiyo anapouma.

Hapo ndipo mambo mawili yanayofanywa kwa nia njema huumaliza mguu. La kwanza ni kamba. Ndugu wanaufunga mguu kwa nguvu juu ya goti ili sumu isipande, na sumu ya bafe iliyofungiwa inakula nyama ileile kwa ukali zaidi, huku damu haifiki. Kamba ikikaa saa kadhaa, mguu unaweza kufa kwa kamba hata kama sumu ilikuwa kidogo. La pili ni wembe. Chale zinazochanjwa ili damu itoke zinafungua njia kwa vijidudu na pepopunda kwenye nyama ambayo tayari inakufa. Kinachosaidia ni rahisi kukieleza na kigumu kukifanya usiku porini: vua bangili na viatu kabla uvimbe haujaja, usimruhusu atembee, utulize mguu kwa kuufunga kwenye ubao kama uliovunjika, mbebe, fika haraka.

Dawa yenyewe hutengenezwa kwa kumchoma farasi sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ipate kinga, kisha kuichuja kinga hiyo. Ni ghali, mara nyingi inahitaji jokofu, na inaweza kumletea mgonjwa mzio wa kutisha, kwa hiyo anayeitoa lazima awe na adrenalini mkononi. Ikiwahi inazuia sumu isiendelee. Haifufui nyama iliyokwisha kufa. Baada ya chupa kuisha, mgonjwa aliyenusurika kifo anabaki na kidonda kikubwa, na mwezi wa pili ndio unaoamua kama atabaki na mguu. Zahanati ya Meserani iliposhughulika na vidonda hivyo, kusafisha, kufunga, kungoja nyama nyekundu ijae, kumpeleka hospitali anayehitaji kupandikizwa ngozi, ilikuwa ikifanya sehemu ya matibabu ambayo haina picha nzuri. Mwaka 2010 wahudumu wake na wenzao walichapisha taarifa yao katika jarida la kitabibu la kimataifa, wakieleza kwamba wauguzi wa zahanati ya kijijini wanaweza kuwatibu walioumwa na nyoka, mradi dawa ipo na haiuzwi. Hoja hiyo inafanana na ya Shircore, ila wao walikuwa na ushahidi.

Dunia ilichukua muda kusikia. Kampuni ya Ufaransa iliyotengeneza dawa iliyofaa kwa nyoka wengi wa Afrika iliacha kuitengeneza mwaka 2014, na akiba ya mwisho ikaisha muda wake Juni 2016. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani, na kwamba wanaokatwa viungo au kubaki na ulemavu wa kudumu ni karibu mara tatu ya hao. Lengo ni kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo mwaka 2030.

Jijini Arusha kwenyewe, mwaka 2008 ulileta mambo mawili. Kanisa la Kilutheri, ambalo hospitali yake ya Selian pale Ngaramtoni ilikuwa imewatibu wafugaji na wakulima kwa miaka mingi, lilifungua kituo kikubwa cha tiba mjini. Mwaka huohuo ikaanza nyumba ya watoto iitwayo The Plaster House. Haikuanzishwa ili kupasua. Madaktari walikuwa wakiwanyoosha watoto miguu iliyopinda, mingi ikiwa imepindishwa na floraidi nyingi ya maji ya Meru, na wakiwafungua mikono iliyogandamana kwa moto. Kisha mtoto alirudi kwenye boma la mbali lenye vumbi na samadi, plasta ikalowa, kidonda kikaoza, na kazi yote ikapotea. Nyumba iliwapa mahali pa kukaa mpaka wapone, wakifungwa vidonda na kula vizuri, wakicheza na wenzao. Kati ya upasuaji na nyumbani kulikuwa na pengo, na mtu aliliona.

Pengo hilohilo lipo kwa watu wazima, na halijazibwa. Aliyevunjika mguu kwa bodaboda na mfupa ukatoka nje anahitaji kuoshwa kwa maji mengi safi na kupewa antibiotiki ndani ya saa za mwanzo, kisha kufungwa kwa wiki nyingi. Mwenye kisukari anahitaji mtu wa kumvua soksi na kuutazama unyayo wake kila anapokuja kupima sukari. Aliyeumwa na bafe anahitaji dawa usiku na bandeji kwa miezi miwili.

Zahanati ya kata, iwe Engare Nanyuki, Oldonyo Sambu au Mkonoo, haiwezi kuwa na chumba cha upasuaji. Inaweza kuwa na maji yaliyochemshwa na chumvi, kijiko cha chai kwa nusu lita. Inaweza kuwa na gozi za kutosha, chanjo ya pepopunda, kisu cha kukwangulia, uzi wa kupimia unyayo, na pale ilipo kwenye njia ya wafugaji, jokofu lenye dawa ya nyoka. Vingi kati ya vitu hivyo ni rahisi kuliko mguu mmoja wa bandia unaotengenezwa upya kila baada ya miaka michache. Kilicho kigumu kupatikana ni muuguzi anayeruhusiwa kukaa kituo kimoja miaka mitano bila kuhamishwa, ambaye kazi yake ya kufunga vidonda imeandikwa kwenye mkataba wake kama ujuzi na inalipwa kama ujuzi, na ambaye mgonjwa hadaiwi kitu anaporudi kwake mara ya thelathini.